Aliyefikwa na Janga Apewe Nini?



Mkono wa Mwislamu si mzito wakati wa msiba. Ikisikiwa kwamba kijiji fulani kimeshikwa na maji, au mji fulani umepigwa na upepo, hazipiti siku tatu ila utaona magunia yanakusanywa misikitini, kina mama wanatoa kanga zao sandukuni, na watoto wa vyuoni wanaleta sarafu walizopewa za maandazi. Kwa hili twamshukuru Mwenyezi Mungu. Basi hapana haja ya kumwandikia msomaji wa gazeti hili kwamba kutoa ni kuzuri. Ninalotaka kulizungumza ni jambo jingine: tukishanuia kutoa, tutoe nini? Na hasa ikiwa tunayempa ni mkulima, ambaye janga halikumchukulia chakula cha leo tu, bali limemchukulia na chakula cha mwaka ujao.

Rai yangu nitaisema mapema, ili msomaji apate kuipima. Siku za mwanzo mkulima huyo apewe chakula, maji safi na pa kulala. Zikishapita siku hizo, apewe fedha mkononi, apewe kabla wakati wa kupanda haujapita, na aachiwe yeye mwenyewe achague la kununua.

Jambo hili si geni katika dini yetu. Wanavyuoni wanalo neno lao mahususi kwa msiba unaofyeka mali kama mafuriko, nzige au baridi kali. Wanauita jaiha. Katika Sahihi ya Imamu Muslim imo Hadithi ya Kabisa bin Mukhariq, aliyemwendea Mtume (S.A.W.) kutaka msaada kwa ajili ya deni alilojitwika. Mtume alimfahamisha kwamba kuomba hakuwi halali ila kwa watu watatu: aliyejitwika deni kwa ajili ya wengine, aliyefikwa na jaiha ikamfagilia mali yake, na aliyefikwa na ufukara hata watu watatu wenye akili katika jamaa zake wakamshuhudia. Na mpaka aliouweka kwa yule wa jaiha haukuwa kushiba siku moja. Ni mpaka apate cha kuyasimamishia maisha yake. Tulitie akilini neno hilo la kuyasimamisha maisha, kwani ndilo kitovu cha maneno yangu yote.

Iko na Hadithi nyingine, ambayo wengi wetu tuliisikia tukiwa tumekaa mkekani. Mtu mmoja katika Answari alikwenda kwa Mtume kuomba. Mtume alimwuliza nyumbani kwake mna nini. Akajibu kwamba mna nguo nzito, wanayojifunika nusu na kutandika nusu, na chombo cha kunywea maji. Mtume akaviuza vitu hivyo mbele ya masahaba kwa dirhamu mbili, akampa mwenyewe dirhamu zote mbili mkononi. Moja akamwambia awanunulie watu wake chakula, na ya pili akanunue shoka. Lile shoka Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamtuma mtu yule akakate kuni, asionekane kwa siku kumi na tano. Aliporudi alikuwa amechuma dirhamu kumi.

Twapenda kuisimulia Hadithi hii tunapokataza uvivu, na ni haki kuisimulia hivyo. Lakini tuitazame tena. Dirhamu moja ilikuwa ya tumbo, na ya pili ilikuwa ya kazi. Misaada mingi tunayopeleka kwenye maafa ina dirhamu ya kwanza, ya pili haimo. Twampelekea mkulima unga, ale mpaka uishe, kisha twarudi tukamkuta amekaa palepale tulipomwacha, tukasema watu hawa hawajisaidii.

Huenda msomaji akaniuliza: mbona Zakatul Fitri twaitoa chakula? Kweli, sisi tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi twaitoa pishi ya chakula cha mji, na sina nia ya kubadilisha lililoamriwa. Amma zaka ya mali hukumu yake ni nyingine. Mwenye fedha hutoa fedha, na anayepewa huwa ndiye mwenyewe wa fedha ile. Aya ya 60 ya Suratut Tawba, iliyowataja wanane wanaostahiki zaka, imewatanguliza mafakiri na masikini kwa herufi ya lam, na wanavyuoni wetu wameifahamu lam hiyo kuwa ni ya kumilikisha. Fukara hakopeshwi haki yake, wala hashikiwi na mtu mwingine kana kwamba ni mtoto. Naye Imamu Nawawi ameeleza katika Majmu'u kwamba fundi apewe cha kumnunulia vyombo vya kazi yake, mfanyabiashara apewe mtaji wa biashara yake, na mtu wa mashamba apewe cha kumpatia shamba, au fungu la shamba, ambalo mazao yake yatamtosha. Maneno hayo yameandikwa zaidi ya miaka mia saba iliyopita, nayo yamempa kila mtu kwa kadiri ya kazi yake.

Sasa natuje kwenye mambo tuliyoyaona kwa macho yetu. Katika siku za mwisho za Ramadhani ya mwaka 1445, yaani mwanzo wa Aprili 2024, mto Rufiji ulifurika ukaingia katika vijiji na mashamba ya wilaya za Rufiji na Kibiti. Mvua za msimu ule zilikuwa kubwa nchi nzima. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alilieleza Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekwisha kufariki nchini, na kwamba kaya zaidi ya 51,000, zenye watu kiasi cha 200,000, zilikuwa zimepatwa na madhara. Mtaani kwetu, upande wa Mbagala, habari za Rufiji si habari za mbali. Watoto wengi wa chuoni kwangu wana bibi na babu huko, na wiki ile ya Idi kuna waliokuja kusoma huku wageni wamejaa nyumbani kwao, watu wanane katika chumba kimoja.

Asiyeijua Rufiji huuliza kwa nini watu hawa hawalihami bonde. Wazee wao wangemjibu kwamba mto uleule unaochukua ndio unaotoa. Mwaka 1968 mto ulifurika, na serikali ikawahamisha watu wengi kutoka bondeni kuwapeleka vijiji vya juu. Wakahamia huko, lakini majembe yao yakaendelea kushuka bondeni kila mwaka, kwani maji yakiondoka huacha tope lenye rutuba na unyevu. Katika tope hilo mkulima hupanda mahindi, kunde na maboga pasipo kungoja mvua. Kilimo hicho wao hukiita mlau. Hivyo mafuriko yanayouzamisha mpunga mwezi wa nne ndiyo yanayomtengenezea mkulima shamba la mlau wiki chache baadaye.

Lakini tope halimngoji mtu. Jua likiwaka juma baada ya juma, ardhi hukauka ikapasuka, na mbegu itakayotiwa hapo haitaota. Kwa hiyo mkulima aliyepoteza mpunga wake bado ana mlango mmoja ulio wazi, nao ni mlango wa siku chache. Apitie vipi? Jembe limechukuliwa na maji, mbegu aliyoihifadhi darini imelowa ikaoza, na mtumbwi wa kumvusha wataka nauli. Vyote hivyo vyanunulika. Anachokosa ni fedha tu.

Katika siku hizo msaada ulifika, na Mwenyezi Mungu awalipe kheri wote waliotoa. Mchele, unga, magodoro na vyandarua viliwafaa watu sana. Lakini bibi mmoja, nyanya wa mwanafunzi wangu, alinihadithia kwamba furushi alilopewa na kikundi kimoja lilikuwa na koti zito la baridi na kiatu cha mguu mmoja. Alilisema jambo hili akicheka, na alicheka kwa adabu, kwani hakutaka kumvunja moyo aliyetoa. Koti lile aliliuza, akapata kitu kidogo sana. Nauli ya kulisafirisha koti hilo hadi Rufiji huenda ilizidi bei yake.

Jamaa wa msikiti wetu walipokutana mwezi wa Mei kupanga mchango wa pili, nilitoa rai kwamba tupeleke fedha. Mzee mmoja, mtu mwema na mtoaji mkubwa kutushinda wengi, alipinga. Alisema: "Mwalimu, mwanamume wa bondeni ukimtia fedha mfukoni ataoa mke wa pili." Watu wakacheka, lakini neno lake lilikuwa na uzito, kwa sababu ndilo lililomo katika vifua vya wengi. Twadhani fukara ni fukara kwa sababu hajui kutumia fedha.

Nilimjibu kwamba sisi sote tuliokaa pale tuna fedha mifukoni, na hakuna anayetupekua kabla hatujaingia dukani. Tena nilimkumbusha kwamba mtu ambaye amelisha watoto sita kwa mavuno ya ekari mbili ajua hesabu kuliko mimi ninayefundisha alifu kwa kijiti. Jambo hili limekwisha kuchunguzwa pia. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Benki ya Dunia, David Evans na Anna Popova, walizikusanya tafiti za nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Latini kutazama kama masikini wapewao fedha huzinywea pombe na kuzivutia sigara. Hawakuona kwamba matumizi hayo huzidi kwa sababu ya fedha za msaada.

Shauri likapita. Tulichanga shilingi 1,860,000 katika Ijumaa nne. Ama kuchagua wa kupewa, tulikichukua kipimo cha Hadithi ya Kabisa: tuliwataka watu watatu wenye akili, wakazi wa kijiji kilekile, watutajie walioharibikiwa zaidi. Watatu hao walikuwa imamu wa hapo, mkunga mmoja mwanamke, na mvushaji mtumbwi, ambaye hujua kila shamba limezama kiasi gani. Wakatutajia kaya kumi na mbili. Kila kaya tukaitumia shilingi 150,000 kwa simu, na juu yake shilingi 5,000 za kutolea, ili mtu asipewe sadaka kisha akakatwa kwa wakala. Waliopoteza simu majini tuliwangoja mpaka wakarudishiwa laini zao, na wawili ambao hawakuwa na vitambulisho walipelekewa mkononi mbele ya wale mashahidi watatu.

Niliposhuka kuwatazama mwezi wa Septemba, niliyaona haya. Kaya tisa zilikuwa zimepanda mlau, nane zikavuna. Ya tisa nguruwe mwitu waliingia usiku mmoja shambani wakalimaliza, ingawa mwenyewe alikuwa amejenga dungu la kulindia. Hakuna mawili yaliyofanana katika matumizi yao. Mmoja alinunua mbegu na majembe mawili. Mwingine mbegu alikuwa nazo kwa ndugu yake, akanunua mabati manne. Bibi yule wa koti alinunua mbegu, akalipa nauli za mtumbwi, akalipa deni la dukani, na kilichobaki akanunua kuku watatu. Nikajiuliza: kama tungepeleka mbegu na majembe sawasawa kwa wote, nani angempa huyu mabati na yule kuku?

Waliosalia ni watatu. Mmoja hakupanda kitu, kwani mtoto wake aliugua, na fedha yote ikaishia hospitalini. Majirani walinong'ona kwamba ameila sadaka. Mimi naona ameitumia kama ambavyo mzazi yeyote angeitumia, na mtoto yu hai, alhamdulillahi. Wa pili alikuwa mzee asiyeweza tena kulima, naye alinunua chakula cha miezi kadhaa. Wa tatu alichukua fedha akapanda basi kuja mjini kutafuta kazi, akamwacha mkewe na watoto, wala hakuwa amewapelekea kitu hadi siku niliyofika. Sikuandika haya ili nimfedheheshe, na jina lake nimelisitiri. Nimeandika kwa sababu kusema kweli ni amana, na yule mzee wa msikitini ana haki ya kusikia kwamba katika kumi na wawili yuko mmoja aliyefanya alilolihofu, ingawa hakuoa.

Dawa yake ipo, nayo nimeiona ikitumika kwa ndugu zetu wa Pakistan. Mwaka 2022 nchi hiyo ilipigwa na mafuriko yaliyowapata watu zaidi ya milioni 33. Zaidi ya watu 1,700 walifariki, na mifugo zaidi ya milioni moja ilikufa. Katika jimbo la Sindh maji yalituama mashambani kwa miezi, pamba ikaharibika, na wakulima wakawa wanahesabu siku wakihofu kwamba msimu wa kupanda ngano utawapita. Serikali ilitoa rupia 25,000 kwa kila familia masikini iliyopatwa, na familia zaidi ya milioni mbili zililipwa. Fedha zilipita katika mpango wa misaada ulioanzishwa mwaka 2008 na kupewa jina la marehemu Benazir Bhutto, na katika mpango huo anayeandikwa ni mwanamke wa nyumba. Baadaye, katika kujenga upya nyumba za Sindh, kila familia iliwekewa rupia 300,000 kwa mafungu, fungu moja baada ya jengo kufika hatua fulani, na hesabu nyingi za benki zikafunguliwa kwa majina ya wanawake.

Kwetu sisi hili lisiwe jambo la kushangaza. Sharia imempa mwanamke milki yake kamili, na mume hana haki ya kuigusa ila kwa ridhaa yake. Bila shaka Pakistan nako kulikuwa na kasoro. Wako waliolalamika kwamba mawakala waliwakata sehemu ya haki yao, na wako walioachwa nje ya daftari. Fedha ni nyepesi kubeba, na kwa sababu hiyohiyo ni nyepesi kuibwa. Hilo latutaka tuwe waangalifu zaidi, halitutaki tuache.

Liko jambo moja zaidi linalonifanya niipende njia hii, nalo ni madeni. Mkulima aliyezamishwa, asipopata wa kumpa, hupata wa kumkopesha. Huyo humjia na fedha ileile anayoihitaji, lakini humtaka arudishe kwa ziada, nayo ndiyo riba tuliyoharamishiwa. Au humnunulia shamba zima likiwa bado changa, kwa bei ya kutupa, hali Mtume (S.A.W.) amekataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kufaa kwake. Siku ya mavuno mkulima hubeba magunia kuyapeleka kwa mtu mwingine, na mwaka wa pili huanza akiwa mtumwa wa mwaka wa kwanza. Ndipo mtoto huondolewa chuoni akachunge ng'ombe za watu. Shilingi 150,000 zinazofika mapema humwokoa mtu na mlango huo. Zikifika baada ya yeye kutia dole gumba katika karatasi ya deni, zitakuwa zimefika kwa yule mkopeshaji.

Nisifahamike vibaya. Fedha hailiki wala hainyweki. Pale ambapo njia imekatika, maduka yamefungwa na mchele haupatikani kwa bei yoyote, kumpelekea mtu noti ni kumdhihaki. Hapo peleka chakula. Vilevile kama mbegu imekosekana sokoni kote, fedha itapandisha bei ya mbegu hiyo tu, wala haitaizidisha, na ni bora mbegu iletwe kutoka mbali. Kwa hiyo mwenye kutoa aulize kwanza: je, soko la karibu limefunguliwa? Je, wanachokihitaji kinauzwa hapo? Akijibiwa ndiyo, basi na atoe fedha.

Na akishatoa, amwache mtu na staha yake. Mwenyezi Mungu ametuonya katika Suratul Baqara kwamba masimango na maudhi huibatilisha sadaka. Zamani masimango yalikuwa ya mdomo. Leo mtu hupewa kilo tano za unga huku amesimamishwa mbele ya kamera, na picha yake ikazungushwa katika simu za watu asiowajua, wakiwamo watoto wake wanaosoma mjini. Fedha iliyoingia kimya katika simu ya mama haina picha. Jirani hajui, na watoto wake hawajui. Kesho wakila, wanajua kwamba wamelishwa na mama yao.

Ndugu zangu, mito itafurika tena, kwani hayo ni majaribu ya Mola, na safari ijayo huenda zamu ikawa yetu. Nanyi vijana mnaosoma kurasa hizi, ambao mnazijua simu na hesabu kutushinda wazee wenu, kazi hii ya kuandika majina, kuuliza mashahidi na kuhakikisha kwamba kila shilingi imefika inawangoja ninyi. Kila msikiti uwe na mfuko wake wa jaiha kabla ya mvua, na uwe na watu waaminifu watatu katika kila kijiji unachokijua, ili siku hiyo ikifika tusipoteze mwezi mzima tukipanga vikao huku tope linakauka.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliofariki majini, awalipe badala waliopoteza mali zao, aitie baraka mikono inayotoa na inayolima, na atujaalie kutoa kinachofaa kwa wakati wake. Amin.

Wabillahi tawfiq.